Sarafu ya Lifti

Lifti ya jengo letu, huku Gldani, pembeni mwa Tbilisi,
haipandi bure. Ina kisanduku cha bati
chenye mdomo mwembamba kama wa karani,
nacho hula sarafu ya tetri ishirini, basi.
Kadi yangu ya benki haiijui.
Noti yangu ya lari hamsini haina hadhi hapo.
Mkono mtupu haulambwi: nakwea kwa miguu
ghorofa tisa na mfuko wa viazi,
na kwenye ya sita nasikia lifti ikinipita,
ndani yake Lamara, jirani yangu,
akimsema paka wake.

Nimekuja kwa mkataba wa miaka miwili
kupima maji ya bwawa. Maji ya bwawa nayaelewa.
Bomba la jikoni kwangu ndilo lililonishinda.
Fundi Tamazi alisema kesho.
Kesho akasema keshokutwa, nao wana neno lake,
silabi moja tu, kama kubamiza mlango: zeg.
Tumeshafika mtondogoo.
Nimetega sufuria, na usiku kucha
bomba lanihesabia deni nisilolijua.

Halafu hati ya ukaazi.
Hapa, jamani, mama ni baba.
Mama mzazi wanamwita deda; baba ndiye mama.
Nami niliyelelewa Montevideo na mama aliye mama,
nilipoona kwenye fomu mstari wa mamis
niliandika, kwa furaha ya mwanafunzi aliyepata jibu:
Elvira.
Sasa serikali inanitambua
kuwa binti wa bwana Elvira.
Kusahihisha kunataka barua, barua inataka muhuri,
muhuri unataka cheti cha kuzaliwa
kilichotafsiriwa na mtu ambaye yuko likizo.
Nilipompigia, mama alicheka hadi simu ikakatika.
Mimi nilicheka siku ya tatu, bafuni,
na kicheko kilipoanza kugeuka kitu kingine
nikafungulia maji, majirani wasisikie.

Forodhani, bwana Gocha alifungua kifurushi changu,
kilo mbili za mate, chai yetu chungu ya kwetu.
Akanusa. Akamwita mwenzake, naye akanusa.
Wakaleta mbwa. Mbwa akapiga chafya.
«Nini hii?»
Kwa lugha yangu ningewahutubia hadi jioni.
Kwa lugha yao nilikuwa na rangi, nambari na matunda.
«Kijani,» nikasema. «Mbili. Si tufaha.»
Nikarudi nyumbani nikimeza mate kwa kukosa mate.

Siku hiyo Lamara alinikuta ngazini, ghorofa ya nne,
nimekaa na koti langu lote.
Hakuuliza. Alinifungua kiganja,
akanihesabia sarafu tano, akashuka zake.
Kesho yake nikampelekea noti.
Alininunia wiki nzima.
Hata shukrani hapa ina mlango wake,
nami nilikuwa nimeingilia dirishani.
Baadaye nilimpelekea viazi. Alivikagua kimoja kimoja,
akasema nimepunjwa, akanitajia duka jingine.
Nadhani tulikuwa tumepatana. Sina hakika.

Desemba nikaenda likizo.
Nilikuwa nimeingoja kwa kuchora siku ukutani:
nchi ambayo mzaha wangu unafika,
ambayo karani akinikera namkera vilevile,
papo hapo, kwa sarufi safi.
Mama alinipokea uwanja wa ndege,
akaniongoza hadi jengo lake,
lifti yake ya zamani yenye kioo na zulia dogo.
Mlango ukafunga.
Mkono wangu ukajiendea mfukoni,
ukapapasa, ukatoka na tetri ishirini,
ukazunguka ukutani ukitafuta mdomo wa bati.

«Bonyeza tu, mwanangu,»
akasema bwana Elvira.