Mtengenezaji: Mimi

Jina la mtengenezaji? aliuliza binti wa simu,
kibodi ikitatarika nyuma ya sauti yake.
Mimi, nikasema.
Akaandika. Kisha: Mimi ni kampuni ya Japani au ya Italia?
Nikacheka, mbavu zikanikumbusha mkanda wa kiti.
Hapana, binti. Mimi. Gethin Prosser.
Banda la nyuma ya nyumba, Machynlleth,
majira tisa ya baridi, taa moja,
na Mair akigonga dirisha: supu inapoa.

Kimya. Orodha yake haikuwa na kisanduku changu.

Ajali yenyewe ilikuwa fupi. Machi, alfajiri, lami ina barafu,
kona ya chini ya Corris, na kondoo wa Emrys Bebb
amesimama katikati kama mwenye hati ya barabara.
Nilikata usukani. Ukuta wa mawe haukukata kona.
Kondoo nilimgusa tu ubavuni, akafa.
Mimi nikabaki kitini, radiata ikipiga mvuke
kama birika lililosahauliwa,
na madigadi la kushoto, nililolijenga tabaka kwa tabaka
kwa gundi inayochoma macho,
limetapakaa majanini kama maganda ya yai.

Mkadiriaji alitoka Shrewsbury, Bwana Furnell,
viatu safi, kishikwambi kwapani.
Alizunguka mara tatu. Aligonga chesi kwa kalamu
kama daktari anayegonga kifua cha mgeni.
Injini?
Ya themanini na sita, ya gari la shemeji, lililooza.
Ekseli?
Ya gari la posta, la mnada.
Viti? Hapo niliona haya. Vya basi dogo la kwaya.
Basi thamani ya soko, akaanza, akakwama,
maana soko halijawahi kuliona.

Bei ya kondoo ilijulikana.
Bebb aliileta kwenye bahasha: jike, miaka mitatu,
mimba ya mapacha, bei ya mnada wa Jumatatu
hadi peni ya mwisho.
Alilipwa siku ya kumi na moja, bila swali.
Simlaumu. Kondoo wana gazeti lao la bei.

Nami nilikuwa na daftari, wahenga wasije wakanicheka.
Risiti za bolti, za breki, za rangi.
Na saa, kwa penseli ya seremala:
"Jumamosi. Chesi si mraba. Nimeanza upya."
"Jumapili. Sikufanya kitu. Nimelitazama."
Furnell alikaa na ukurasa huo kuliko na picha zake zote.
Kisha taratibu, kama anayeuliza bei ya jeneza:
Kazi yako unaihesabu pauni ngapi kwa saa?

Nilitaka kumweleza habari ya supu.
Nikasema, andika sifuri.

Barua ikaja. Hasara kamili.
Fidia elfu nne na mia mbili, toa mchango wa mwenye bima,
toa thamani ya mabaki
endapo mwenye mali atapenda kuyabakiza.
Endapo!
Hivyo nikalinunua gari langu
kwa watu walioshindwa kusema ni gari gani.

Sasa ni Mei. Gereji nne zimekataa, hazina kitabu chake.
Kitabu kimo kichwani mwangu, na kurasa zimeanza kuchomoka.
Chesi imepinda milimita kumi na saba.
Nimeifunga mnyororo kwenye nguzo ya zege,
navuta kwa jeki, milimita mbili kila jioni;
chuma ukikiharakisha huweka kinyongo.
Mpwa wangu Lowri anashika tochi, anauliza
kwa nini nisinunue la dukani.
Nipe spana, nasema. Kumi na tatu. Hiyo ni kumi na mbili.

Jana imefika hati mpya ya bima, imepanda kwa theluthi.
Aina ya gari: MIMI.
Modeli: haijulikani.
Sijawapigia kuwasahihisha.