Sauti ya Tatu

Tulimwita Kifua-Wazi.
Mmarekani; kwao hawakumtaka,
akaenda Roma kupigana na simba waliochoka
na mazimwi ya karatasi,
filamu nne kwa mwaka, upanga ule ule.

Malindi alifika ndani ya mkebe wa bati,
akinena Kitaliano kwa koo la mtu mwingine.
Hatukuelewa neno.
Basi baba, Shekuwe mkata tikiti,
akawa anasimama kando ya pazia, anamsemea:
"Niacheni! Mama yangu hajala tangu jana!"
Ukumbi ukalia. Malkia naye, kwa sauti ya baba,
akamjibu kwa mafumbo ya harusini.

Jana ameingia dukani kwangu,
mzee, goti bovu, kiatu mkononi.
Kifua nilikijua kabla ya uso.
"Soli imeachia," akasema, nami nikashtuka:
sauti nyembamba, kama ya mwenye kuomba radhi.

Nikamweleza habari za baba.
Akakaa juu ya kreti ya soda.
"Miaka kumi na minane Ulaya," akasema
kwa Kiswahili cha kuokoteza,
"sikujisikia hata mara moja. Nilikuwa nahesabu tu,
moja, mbili, tatu, midomo icheze.
Wengine walinisemea baadaye."
Kisha: "Baba yako alinisemesha nini?"

Nikaweka nyundo chini.
Nikasimama kando ya kabati la viatu,
nikasema ile ya mama na njaa yake.

Akanifuatisha, neno kwa neno,
vibaya,
mguu mmoja hauna kiatu.