Karafuu ya Nne

Waliniambia ni mkono.
Fundi Haroub wa Darajani, aliyeniuzia lenzi hii
ikiwa imevishwa soksi ya mtoto,
alinijibu kwa simu huku anatafuna:
"Lenzi haina kosa, bibi. Punguza kahawa."
Nikaacha kahawa. Kichwa kikaniuma siku tatu,
picha zikatoka vilevile,
kama zimepigwa kupitia chandarua.

Waliniambia ni macho.
Nikashuka Chake, nikasoma herufi za ukutani
hadi ule mstari wa siafu chini kabisa.
Daktari akacheka: macho ya kozi haya, nenda zako.

Waliniambia ni unyevu wa masika,
Wete nzima imeota kuvu hadi kwenye kanda za makubadhi.
Nikaizika lenzi katika debe la mchele wiki nzima.
Mama akaupika ule mchele.
Picha hazikupona.

Ndipo ikaja harusi ya Asaa, Limbani.
Nilipiga mia tatu na kumi.
Bi harusi, kila mahali, moshi:
wanja umemwagika, hina imekuwa tope,
pua haijui inaishia wapi na shavu linaanzia wapi.
Mama yake, Bi Time, akazitandaza moja moja
kama mtu anayechambua choroko mbovu.
"Fedha yangu," akasema. Hakuongeza.
Nami sikuwa na la kumwongezea.

Asubuhi nikachota karafuu kwenye jamvi la jirani,
nikazipanga saba juu ya meza, moja nyuma ya nyingine,
kama watoto wanaosubiri chanjo.
Nikailenga ya kwanza. Nikabana pumzi. Nikapiga.
Ya kwanza, moshi.
Ya pili, moshi. Ya tatu inakaribia kusema.
Ya nne ina kikonyo, ina kichwa,
ina meno manne yaliyokishika kitumba,
ina hata unywele wa jamvi ulioigandia.
Nikarudia mara ishirini.
Mara ishirini, ya nne.

Kumbe huoni vibaya, wewe!
Waona vizuri sana, ila nyuma.
Nakuonyesha mtu,
unamtazama aliye mgongoni mwake.

Nikazirudia zile picha mia tatu na kumi.
Sikumtazama tena Asaa. Nikatazama nyuma yake:
ukuta, kila ufa. Pazia, kila uzi.
Birika na mdomo wake uliotiwa risasi.
Na katika ile ya mia na arubaini,
baina ya mlango wa uani na pipa la maji,
Shaame.

Shaame, kaka mtu, aliyeapa barazani, watu wanasikia,
kwamba harusi hii hatoikanyaga
mpaka mikarafuu ya marehemu baba igawanywe upya.
Amesimama, kofia mkononi,
kope zake zahesabika,
kidevu kimekunjana
kama cha mtoto anayejizuia.

Nilimpelekea Bi Time hiyo moja tu,
na fedha yake ndani ya bahasha.
Aliitazama hadi chai ya maziwa ikaota ngozi.
Bahasha akanirudishia.
Picha akaitia kifuani, ndani ya kanga.
"Usimwambie mtu," akasema.
Nikafika mlangoni. "Wala yeye."

Lenzi nimeshaitengeneza.
Ni skrubu tatu, ndogo kuliko punje ya ufuta:
robo mzunguko, kisha nusu ya robo,
kisha kusali.
Sasa ya kwanza yatoka kali kama wembe
na zote za nyuma yake ni moshi.
Wateja wananisifu.
Mie, kabla sijafyatua,
natupa jicho kwanza penye mlango wa uani.

Zile karafuu sita nilizirudisha kwa jirani.
Ya nne niliitia chaini.