Kielelezo cha Tatu

Sanduku liliingia mahakamani Soroti
begani kwa askari, kama gunia la muhogo.
Bati la buluu, makufuli matatu,
yote matatu yamekatwa kwa msumeno.
Karani akalibandika karatasi: Kielelezo cha Tatu.

Nami benchi la nyuma, na kalamu yangu.
Nilishaandika kurasa arobaini na moja
juu ya mnyororo wa ushahidi: nani alipokea,
nani alikabidhi, saa ngapi, sahihi ya nani.
Tanbihi mia moja na sita. Jarida limezikubali,
isipokuwa ile ya tisini.

Kikundi kina wanawake ishirini na wanane.
Hakuna benki iliyowahi kuwauliza jina.
Sheria mpya yataka wasajiliwe, wakaguliwe,
wawe na mtaji usiopungua (nimesahau kiasi).
Wao waligawa funguo tatu kwa nyumba tatu
zisizokopeshana hata chumvi.
Basi.

Ebiru, mweka hazina, yuko kizimbani.
Aliulizwa kwa Kiswahili cha kituoni,
akajibu kwa Kiateso,
koplo akaandika kwa Kiingereza,
na leo mkalimani anamrudishia maneno yake,
naye anayatazama
kama mtu aliyeletewa ng'ombe asiye wake.

Wakili akauliza: "Nani alikata makufuli?"
"Sisi," akasema koplo. "Ili kuhifadhi ushahidi."
Hakuna aliyecheka. Feni ilizimika tangu saa nne.

Ndipo Asekenye, shahidi wa pili,
akafungua fundo la kitenge chake
akaweka ufunguo mezani kwa hakimu.
Hakimu akapekua orodha, mbele, nyuma.
Haumo.
"Mama, huu si kielelezo. Uchukue."

Amongin naye alikwisha kusimama, ngumi kifuani;
na yule wa tatu, ambaye sikupata jina lake,
alikuwa nje bado, akimbembeleza mtoto.

Hukumu tarehe tisa, mwezi ujao.

Usiku, gesti, taa ya betri,
nikaifungua makala na kuhesabu:
neno "hifadhi", mara hamsini na tatu.
"Ufunguo", hata mara moja.
Nikaifuta tanbihi ya tisini, ile waliyoikataa,
na pale pale nikaandika chanzo:
Asekenye, Soroti. Kitenge cha kijani,
fundo la kushoto.