Mizani ya Kushoto

Fundi Aminieli hapokei kitu kabla hujakieleza vizuri.
Kibanda chake kiko Pasua, ukuta mmoja na mashine ya kusaga,
unga umemkaa kwenye nyusi, umekaa juu ya deki tatu za kaseti
ambazo wenyewe hawakurudi.

Nilimpelekea amplifaya ya marehemu baba,
ile iliyofuka siku ya kipaimara cha Ndeshi
jirani akasema, leo ndiyo tumeelewa jina la mji.

"Imekufa," nikamwambia.
"Hilo si neno la ufundi. Inafanya nini?"
Inakoroma.
"Kukoroma ni waya wa ardhi. Kukwaruza ni vumbi kwenye vitufe.
Kupiga mluzi ni maiki inayojisikiliza yenyewe,
kuna mwanakwaya hapa Pasua ana ugonjwa huo, simtaji."

Akanishikisha plagi: hii dume, hii jike, usicheke, shika.
Ingizo. Tokeo. Ukichomeka tokeo kwenye tokeo
ni kikao cha ukoo: kila mtu anasema, nani anasikia?
Wati ni nguvu ya kusukuma, omu ni ukaidi wa anayesukumwa.
Besi itafute kifuani, trebo kwenye meno.
Na spika, si yule wa Bunge anayenyamazisha watu;
huyu hupayuka chochote alicholetewa.

Nikarudi Njoro na maneno, kifaa nimekiacha.

Mama alikuwa mbele ya runinga mpya, kioo cheusi,
maandishi meupe katikati: hakuna mawimbi.
Nikajitia mwalimu. King'amuzi, mama, hupata yote au hukosa yote,
siku hizi hakuna chenga.
"Chenga ndizo nazitaka," akasema,
yeye aliyepanda ngazi miaka yote ile
kuigeuza antena, nasi dirishani tukipiga kelele: hapo! hapo!
"Kwenye chenga kulikuwa na watu. Unakaza macho, unawaona.
Baba yako miezi ya mwisho alikuwa chenga tupu,
neno moja linapita, matatu yanapotea,
na tulielewana.
Hii yenu ikiteleza kidogo, inafuta uso wote."

Sikuwa na istilahi ya kumjibu.

Alhamisi fundi akapiga simu.
"Waya wa ardhi ulikatika, nimeunga. Ila kile kitufe cha mizani,
mtu alikigandisha kwa gundi, kushoto kabisa.
Nimekibandua. Sasa kiko katikati, panapostahili."
Elfu kumi na nane. Nikalipa.

Mama akaipangusa unga kwa upindo wa kitenge, akawasha.
Kwaya ikajaa sebule, pande zote mbili, safi.
Akasikiliza ubeti mmoja.
Kisha akazungusha mizani, polepole,
mpaka kushoto kabisa, kilipo kiti,
kwenye lile sikio la baba lililokuwa bado linasikia.
Spika ya kulia ikafa sauti.

"Gundi," akaniuliza, "umerudi nayo?"