Shangazi Kabaso Aingia Makumbusho

Alifika kutoka Kasenga na kifurushi cha samaki wakavu,
jicho moja limefunikwa na ukungu.
Daktari alimpa Alhamisi. Ilikuwa Jumatatu.
"Basi nionyeshe Lubumbashi," akasema,
"kwa jicho lililobaki."

Mlangoni wakatudai franka elfu mbili kila mtu.
"Za kutazama tu? Vitu havichoki kutazamwa."
Nikalipa. Akavua kandambili, akazishika mkononi,
akaingia peku kwenye sakafu iliyong'arishwa,
na Bwana Musenge, kiongozi wetu, mwenye tai ya kijani,
hakujua amwambie avae
au avue na yeye.

Ndani mlikuwa na baridi ya Juni.
Misalaba ya shaba imelazwa juu ya kitambaa chekundu,
mikono minne, sawasawa, haina mtu juu yake.
"Hii ilikuwa pesa kabla ya pesa," akasema Musenge.
Akataja karne. Akataja kilo.
"Mmoja ulinunua nini?" akauliza shangazi.
Musenge akafungua daftari: nguo, chumvi, mbuzi,
akageuza ukurasa,
mtu.
Shangazi akarudi nyuma hatua moja
kama anayempisha mwingine apite.

Kisha chungu. *Namba 212. Chungu cha ibada.*
Akacheka hata mlinzi akaja.
"Ibada gani? Hiki ni cha munkoyo!
Angalia mdomo ulivyoliwa upande huu,
hapa ndipo kata hugonga kila siku,
mkono wa kushoto, mwanamke mwenye haraka."
Musenge akaandika, nilimwona, kwa kalamu ya risasi,
pembeni kabisa mwa ukurasa.

Nikampitisha kwenye kanisa kuu la matofali mekundu,
kwenye posta, kwenye uwanja ambao sanamu yake iliondolewa
ikabaki ngazi tatu za kupanda kwenda popote.
Yeye shingo yake ilikuwa kwingine.
"Na ule?"
Ule ulikuwa mlima mweusi wa makapi ya shaba,
na bomba la moshi limesimama kando yake
kama mtu aliyeambiwa asubiri.
"Huo si wa makumbusho, shangazi."
"Nani alisema?"

Akafungua fundo la kitenge, lile la pesa,
akatoa kibati kidogo kama kifuniko cha chupa:
tundu moja, namba moja, 4417.
Huyo ni Chishala, mumewe.
Miaka kumi na tisa aliingia langoni kwa namba hiyo,
akatoka kwa namba hiyo, na kikohozi
ambacho hakikupewa namba.
"Humo mna mzigo wake," akasema.
"Sijui ni upi."

Kesho yake tukarudi. Akakiweka mezani kwa Musenge.
Musenge akakigeuza, akakipima kiganjani,
akasema mambo ya fomu, nakala tatu,
sahihi ya mkurugenzi, na mkurugenzi yuko Kinshasa.
Aliyasema akiitazama tai yake.
Akakirudisha kwa mikono miwili.
Sikumchukia, kwa sababu ya hiyo mikono miwili.

Alhamisi wakauondoa ukungu.
Jumamosi akautazama mlima kwa macho yote.
"Mbona umepungua?"
Nikamweleza: wanauchimba upya, mna kobalti ndani.
Akanyamaza mpaka tukafika Kamalondo,
mpaka maji ya bukari yakachemka.
"Hata makapi yake," akasema,
akaomba mwiko.

Alipoondoka alisahau kibati dirishani,
kama ni kusahau.
Ngoie, binti yangu, ana miaka saba.
Amekitia ndani ya chupa ya jamu, amekifunika,
amebandika karatasi kwa gundi ya unga:
*4417. BABU. ALIPIKA MAWE.*
Watoto wa jirani hulipa franka mia.
Jana nilipita tu kufunga pazia,
akaninyoshea kiganja.
"Hata wewe, mama."