Kirungu Chekundu

Kisoro, saa nne asubuhi. Muhabura imevua ukungu.
Tuko futi elfu sita na ushee
juu ya bahari ambayo sijawahi kuiona.

Sebagabo ameleta gunia la viazi
vya mwanawe aliyeko Entebbe.
Nusu, namwambia.
Ananitazama kana kwamba nimeomba nusu ya mtoto.
Nusu. Hewa ya huku nyepesi, haibebi kwa mkopo.

Soroti, Ejalu alitufundisha:
cheusi ni nguvu, chekundu ni chakula.
Cheusi kisukume ukitaka kwenda.
Chekundu (hapo alitafuna njugu kwanza)
chekundu usikisukume kwa mazoea.
Mimi nilikariri: ndani, ndani kabisa, ruka.
Kwa tambarare ya Teso ilitosha.

Safari ya kwanza huku nilivisukuma vyote viwili
hadi mwisho. Injini ikakohoa
kama mgeni aliyelazimishwa sahani ya tatu.
Moshi mweusi, mizunguko pungufu,
na migomba ya mwisho wa uwanja
inakuja, inakua.
Nilikata nguvu. Nikasimama
hatua thelathini kutoka kwa mbuzi wa watu.
Haikuwa njaa. Ilikuwa shibe.

Sasa nakanyaga breki, cheusi chote mbele,
chekundu nakivuta upana wa ukucha,
ukucha tena. Sauti inapanda, inatakata,
redio iliyopata kituo chake.
Kisha inaanza kutetemeka: hapo nimeinyima.
Narudisha kidogo.
Hakuna namba ya kidogo hicho. Kiko kwenye nyayo,
kwenye makalio, kwenye sindano ya joto la moshi
iliyofika kileleni ikajirudi.

Naachia breki.
Viazi vinabingirika nyuma. Migomba inapita chini yetu,
chini kabisa, na Sebagabo anafumbua jicho moja.

Juu ya Bunyonyi nabana tena.
Mafuta haya yalipanda milima kwa lori, kwa pipa,
kila lita ina jina la aliyeilipia.
Lakini sibani mno. Mezani kwa Ejalu
kulikuwa na pistoni iliyotoboka kwa moto wa ubahili;
alikuwa akichomeka kalamu kwenye tundu lake,
na hakuwahi kutuambia ilitoka ndege ya nani.

Ziwa linafunguka. Tunashuka,
hewa inanenepa, nami nalisha:
ukucha, ukucha, futi elfu, ukucha.

Kwenye maegesho sigusi ufunguo.
Navuta chekundu hadi mwisho wake.
Pangaboi inazunguka mara nne, tano,
ikitafuta, halafu inasimama wima.

"Umeizima vipi?"
"Nimeinyima."
Sebagabo anacheka, anapangusa vumbi kwenye viazi vyake,
kisha, bila kucheka tena, anauliza
ile nusu nyingine nitaileta lini.